Somo la 14: Hewa ni Rafiki Mwanzoni, Adui Mwishoni

Soma habari hii polepole. Ukikuta neno gumu, tazama orodha ya maneno mwishoni mwa somo. Ukimaliza sehemu moja, pumzika. Kisha endelea.

1. Safari ya kwenda Makambako

Chukua mfano wa mama mmoja anayeishi kijiji cha karibu na Njombe. Ni majira ya mvua. Milanzi imechipua vizuri, na mzee wa nyumba anagema asubuhi na jioni. Mama amekusanya ulanzi lita 12. Anataka kuupeleka Makambako, mahali barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Pale watu ni wengi. Kuna abiria wa mabasi, madereva wa malori na wasafiri wa reli ya TAZARA. Fedha atakayopata ni ya daftari na sare za mtoto.

Mama anamimina ulanzi katika dumu la lita 20. Anaumimina kutoka juu, kwa fujo, mpaka povu linajaa. Dumu linabaki na nafasi kubwa juu. Jioni ile gari linakosekana. Dumu linalala nje. Kesho yake anapanda gari. Njia ni ya kilomita 60 hivi, na dumu linatikisika njia nzima. Akifika Makambako analiweka juani, kwa sababu kivulini kumejaa.

Mteja wa kwanza anafika.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Karibu ulanzi."

Mteja anaonja. Anakunja uso. Anarudisha kikombe taratibu.

"Samahani mama, sitaki kukuvunja moyo. Lakini hii ni siki."

Mteja wa pili anasema vivyo hivyo. Wa tatu hanunui. Jioni mama anamwaga lita 12 mtaroni. Nauli imekwenda. Kazi ya mzee ya siku nyingi imekwenda. Daftari hazikununuliwa.

Ndugu msomaji, mama huyu si mvivu, wala hakumdanganya mtu. Kosa lake ni kwamba hakujua kazi ya hewa katika pombe. Wewe ukijua, hasara kama hii utaipunguza sana.

2. Pombe hufanyika namna gani?

Pombe zetu ni za aina nyingi. Ulanzi hutoka katika mianzi. Komoni hupikwa kwa mahindi na kimea cha ulezi. Pombe ya asali hufanywa kwa asali na maji. Siku hizi wako pia wanaotengeneza mvinyo wa matunda, maana Njombe ina peasi, plamsi na pichesi.

Pombe zote hizi hufanyika kwa njia moja. Ndani yake mna vidudu vidogo sana viitwavyo hamira. Hamira haionekani kwa macho, ila ikiwa nyingi mahali pamoja. Hamira hula sukari. Inapokula sukari hutoa vitu viwili: kileo na hewa ya ukaa. Kileo hubaki katika pombe. Hewa ya ukaa hupanda juu. Hayo ndiyo mapovu unayoyaona. Watu husema, "Pombe inachemka." Haichemki kwa moto. Ni hamira inayofanya kazi.

Lakini hamira haiko peke yake. Wako vidudu wengine. Muhimu kwa somo letu ni vidudu vya siki. Hivi hupenda kileo. Hukigeuza kileo kuwa tindikali ya siki. Ili wafanye kazi hiyo, lazima wapate kitu kimoja: oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa tunayoivuta tunapopumua. Bila oksijeni, vidudu vya siki hulala.

Jambo hili lilichunguzwa na mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Louis Pasteur katika miaka ya 1860. Wakulima wa zabibu walilalamika kwamba mvinyo wao unaharibika. Pasteur alitazama kwa darubini, akaona vidudu. Mwaka 1866 alichapisha kitabu juu ya mvinyo na magonjwa yake. Mwaka 1876 alichapisha kingine juu ya bia. Kwa hiyo shida ya mama wa Njombe ni shida ya zamani, na imewapata watu wa nchi nyingi.

Sasa shika jambo hili. Mwanzoni, kabla pombe haijaanza kuumuka, hewa ni rafiki. Hamira huitumia kuzaana na kupata nguvu. Mwishoni, pombe ikisha kuiva, hewa ni adui. Huamsha vidudu vya siki. Hata vidudu hao wasipokuwapo, hewa huchosha pombe. Ladha yake hupooza na rangi yake hugeuka.

3. Mama alikosea wapi?

Tutazame makosa yake moja moja.

Kosa la kwanza: alimimina kutoka juu mpaka povu likajaa. Kila tone lililoanguka lilichukua hewa na kuiingiza ndani.

Kosa la pili: lita 12 katika dumu la lita 20. Nafasi ya lita 8 ilijaa hewa. Kisha barabara ikatikisa ulanzi na hewa pamoja, kama mtu asukaye maziwa.

Kosa la tatu: jua. Vidudu hufanya kazi haraka penye joto, na polepole penye baridi.

Je, angefanyaje? Angetumia madumu mawili, moja la lita 10 na jingine dogo. Angeyajaza karibu na shingo. Kifuniko asingekikaza sana, kwa sababu ulanzi bado unaumuka na hewa ya ukaa lazima itoke. Ukikaza, dumu litavimba na laweza kupasuka. Hewa ya ukaa inapotoka, huisukuma hewa ya kawaida nje. Kwa njia hiyo ulanzi hujilinda wenyewe kwa muda. Angefunika dumu kwa gunia lililoloweshwa maji na kuliweka kivulini.

Tena, usafi huanzia penye mwanzi. Mbeta ya kukingia ioshwe kwa maji ya moto. Ifunikwe vizuri. Wale inzi wadogo wanaopenda matunda yaliyoiva hubeba vidudu vya siki miguuni mwao.

Lakini tuseme kweli. Ulanzi haukai. Unakusanywa bila kuchemshwa, na mna vidudu wengine wanaoleta ukali hata bila hewa nyingi. Njia hizi zitakupa muda zaidi wa kuuza. Hazitaufanya ulanzi ukae mwezi. Na ulanzi uliokwisha kuwa siki haurudi. Hakuna dawa.

4. Pombe inayokaa: pombe ya asali

Ukitaka pombe itakayokaa, nyeupe na safi kwa macho, pombe ya asali ni nzuri kujifunzia. Fuata hatua hizi.

*Vyombo:* dumu la lita 20, dumu la lita 10, dumu la lita 3, mpira mwembamba wa plastiki kama mita 2, na kikombe. Tumia madumu yaliyokuwa na mafuta ya kula au maji. Usitumie kamwe dumu lililokuwa na dawa ya mimea, rangi au mafuta ya taa. Sumu haitoki kwa kuosha.

*Vitu:* asali safi lita 1 na nusu, maji lita 13 na nusu, hamira ya mkate vijiko 2 vya chai.

Hatua ya 1. Osha vyombo vyote kwa sabuni. Suuza sana. Kisha suuza tena kwa maji yaliyochemshwa.

Hatua ya 2. Chemsha maji. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto. Changanya na asali. Mimina katika dumu la lita 20.

Hatua ya 3. Sasa funga dumu na ulitikise sana kwa dakika chache. Usishangae. Huu ndio wakati ambao hewa ni rafiki. Kisha tia hamira.

Hatua ya 4. Toboa kifuniko, pitisha ncha ya mpira, na uzibe kandokando kwa nta. Ncha ya pili itumbukize katika kikombe cha maji yaliyochemshwa. Ncha ya ndani isiguse pombe. Hewa ya ukaa itatoka kwa mapovu katika kikombe. Hewa ya nje haitaweza kuingia, maana maji yanazuia njia.

Hatua ya 5. Subiri. Weka dumu mahali pasipo jua wala baridi kali, kama pembeni mwa jiko. Asali huumuka polepole. Wiki 3 hadi 5 ni kawaida, na penye baridi zaidi ya hapo. Usihesabu siku tu. Tazama dalili tatu: mapovu yamekoma kabisa, pombe si tamu tena kama mwanzo, na sehemu ya juu imeanza kung'aa.

Usifungue kila siku kuonja. Kila ukifungua, unakaribisha hewa. Subira huvuta heri.

5. Kutuliza mashapo

Pombe ikiiva huwa bado na ukungu. Ukungu huo ni hamira inayoelea. Ukiiacha, hamira itashuka yenyewe na kuwa mashapo chini ya dumu. Vitu viwili huharakisha: baridi, na kitu cha kutuliza. Katika somo hili tutakiita kitu hicho *kitulizo*.

Kwanza baridi. Hapa watu wa Njombe mna bahati. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni, Julai na Agosti baridi ni kali, na asubuhi nyingine umande huganda. Wenzetu wa mjini hulipa umeme wa friji kupata baridi ambayo ninyi mnapewa bure. Pombe iliyoiva mwezi wa Juni, ikiwekwa katika chumba kisicho na moto, hujisafisha yenyewe katika wiki chache.

Lakini angalia jambo moja. Dumu likipoa, hewa iliyo ndani yake husinyaa. Ikisinyaa, huvuta. Itavuta maji ya kikombe kupitia mpira, na maji yakiisha itavuta hewa ya nje. Kwa hiyo, kabla ya kulipeleka dumu penye baridi, hakikisha mapovu yamekoma kabisa. Kisha toa mpira na ufunge kwa kifuniko kizima. Dumu litabonyea kidogo. Hiyo si hatari.

Sasa kitulizo. Kinachopatikana kwa urahisi ni jelatini, unga uletao mgando katika vyakula vitamu. Huuzwa katika maduka ya mjini yenye vifaa vya kuokea keki. Chagua isiyo na sukari, rangi wala ladha.

Jelatini hufanyaje kazi? Hamira na jelatini huvutana, kama sumaku na msumari. Chembe za hamira hugandamana na jelatini na kuwa mabonge. Bonge ni zito kuliko chembe moja. Kwa hiyo huzama upesi.

Fanya hivi:

Kwanza, pombe iwe imekwisha kupoa vizuri penye baridi kwa siku 2 au 3.

Pili, chukua nusu kijiko cha chai cha jelatini. Nyunyiza juu ya robo lita ya maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa. Acha dakika 10 ivimbe.

Tatu, pasha moto polepole huku ukikoroga, mpaka iyeyuke yote. Maji yatoe mvuke, lakini *yasichemke*. Jelatini ikichemka hupoteza nguvu.

Nne, fungua dumu. Mimina jelatini taratibu juu ya pombe, karibu kabisa na uso wake. Usikoroge kwa nguvu. Usitikise. Funga mara moja. Juu ya pombe bado mna hewa ya ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Ni kama blanketi. Usiipepee ikatoka.

Tano, acha siku 2 hadi 4 penye baridi. Usilisogeze dumu.

Usizidishe jelatini ukidhani itafanya kazi zaidi. Ikizidi, yenyewe itabaki ndani na kuleta ukungu mwingine.

Angalizo: jelatini hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama, ng'ombe au nguruwe. Wako watu wenye mwiko. Soma maandishi ya pakiti. Mteja akikuuliza, mwambie kweli. Kama huna jelatini, tumia baridi na subira tu. Utafika pale pale, ila utachelewa.

6. Vitulizo vya wenzetu

Watu wa nchi nyingine wana vitulizo vyao. Ufaransa, watengenezaji wa mvinyo mwekundu wametumia ute wa yai kwa miaka mingi. Ute hushikana na ule ukakasi wa maganda ya zabibu. Pombe yetu ya asali haina ukakasi huo, kwa hiyo ute wa yai haufai hapa. Tena yai bichi laweza kuleta ugonjwa.

Uingereza, wapishi wa bia wametumia mabondo ya samaki, yaani kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki. Sisi nasi tunayajua mabondo. Ya sangara wa Ziwa Victoria hununuliwa kwa bei kubwa na kupelekwa nchi za nje, hasa China, ambako watu huyala. Lakini kuyatengeneza yawe kitulizo cha bia kunataka tindikali na ufundi, na joto huyaharibu. Tuwaachie viwanda.

Na komoni je? Komoni haihitaji kitulizo. Weupe wake mzito ni unga wa nafaka, na wanywaji wanaupenda hivyo. Komoni huchujwa machicha na kunywewa mapema. Ukijaribu kuing'arisha utapoteza jelatini na utapoteza wateja.

7. Kuhamisha pombe bila hewa

Hapa ndipo wengi huharibu kazi yote. Wamesubiri wiki 6, pombe inang'aa, kisha wanaimimina kama maji ya kuoga. Mashapo yanapanda, hewa inaingia, na baada ya siku chache ni siki.

Hamisha kwa mpira. Dumu kubwa liweke juu ya meza tangu siku ulipotia jelatini, ili usilisogeze tena. Madumu madogo yaweke chini sakafuni. Safisha mpira. Ujaze maji yaliyochemshwa na kupoa. Ziba ncha zote mbili kwa vidole vilivyooshwa. Ncha moja itumbukize katika pombe, mbali na mashapo. Ncha ya pili ishushe juu ya kikombe, kisha achia. Maji yatatoka kwanza, na pombe itafuata. Maji yakiisha, bana mpira na uingize ncha *mpaka chini kabisa* ya dumu dogo. Achia. Pombe itapanda kimya kimya kutoka chini. Isichuruzike wala kutoa povu.

Usianzishe kwa kunyonya kwa mdomo. Mdomo una vidudu.

Jaza dumu la lita 10 mpaka shingoni. Kisha jaza la lita 3 mpaka shingoni. Mabaki, kama lita 2 zenye mashapo, yaache. Hapo wengine huona uchungu na kutaka kukamua mpaka tone la mwisho. Usifanye hivyo. Ukikamua lita 2 za mashapo, utachafua lita 13 zilizo safi.

Funga vizuri. Weka penye giza na baridi. Kwa wiki ya kwanza, bonyeza madumu kila siku kwa kidole. Likivimba, sukari ilikuwa bado. Legeza kifuniko kidogo, hewa itoke, kisha funga. Usitumie chupa za kioo mpaka umekuwa mzoefu. Chupa ya kioo yenye pombe isiyoiva yaweza kulipuka na kumtoa mtu jicho.

8. Kupima kwa kusoma

Unajuaje kama pombe imesafika? Chukua karatasi. Andika jina lako kwa kalamu. Tia pombe kidogo katika glasi. Shika karatasi nyuma ya glasi. Kama unaweza kusoma jina lako vizuri kupitia pombe, imesafika. Kama herufi zina ukungu, bado.

Lakini kumbuka: kung'aa si usalama. Pombe yaweza kung'aa na kuwa siki. Yaweza kung'aa na kuwa na sumu, kama chombo kilikuwa na sumu. Kitulizo huondoa ukungu tu. Hakiondoi uchafu, wala uchachu, wala ulevi.

9. Hesabu ya biashara

Bei hizi ni za mfano. Weka za kwenu.

Matumizi:
Asali lita 1 na nusu: sh. 15,000
Hamira: sh. 500
Jelatini: sh. 500
Kuni: sh. 2,000
Jumla: sh. 18,000

Mauzo:
Lita 13 × sh. 2,000 = sh. 26,000

Faida: 26,000 – 18,000 = sh. 8,000

Sasa tuseme ulimimina kwa fujo na pombe ikawa siki. Mauzo ni 0. Hasara ni sh. 18,000. Itakubidi uuze kwa faida zaidi ya mara mbili ili urudi ulipoanza. Dakika 20 za kuhamisha kwa mpira zinalinda fedha hizo zote.

10. Mambo ya kukumbuka

Kuuza pombe kunahitaji leseni. Tanzania ina Sheria ya Vileo tangu mwaka 1968. Muulize mtendaji wa kata au ofisi ya halmashauri kabla hujaanza kuuza.

Somo hili halihusu gongo. Kutengeneza gongo bila leseni ni kosa. Tena pombe iliyotoneshwa kienyeji imeua na kupofusha watu.

Usitie katika pombe kitu chochote cha kuiongezea ukali, kama spiriti au mbolea. Huko ni kuwaua wateja wako, ambao ni jirani zako.

Usimpe mtoto pombe, wala mama mjamzito. Pombe ya asali iliyosafika hushuka kooni kama maji, lakini ina nguvu. Mwambie mteja. Mwenye pikipiki au gari asinywe mpaka amefika kwake.

Maneno ya kujifunza

*hamira* – vidudu vinavyogeuza sukari kuwa kileo
*hewa ya ukaa* – hewa inayotoka katika pombe inapoumuka
*oksijeni* – sehemu ya hewa tunayoitumia tunapopumua
*mashapo* – vitu vilivyozama chini ya pombe
*machicha* – mabaki ya nafaka yaliyochujwa
*kitulizo* – kitu kinachosaidia mashapo kuzama
*tindikali ya siki* – kitu kinachoifanya pombe iwe chachu kama siki

Maswali

1. Hamira ikila sukari hutoa vitu gani viwili?
2. Kwa nini tunatikisa dumu kabla ya kutia hamira, lakini hatulitikisi pombe ikisha kuiva?
3. Taja makosa matatu ya mama aliyekwenda Makambako.
4. Kwa nini jelatini isichemshwe?
5. Una pombe lita 13. Una dumu moja la lita 20, moja la lita 10 na moja la lita 3. Utatumia yapi kuiweka? Kwa nini?
6. Bei ya asali ikipanda ukalipa sh. 18,000 badala ya sh. 15,000, faida yako itakuwa shilingi ngapi?

Zoezi la darasa

Chukueni vikombe viwili vya ulanzi au togwa la mahindi la siku moja. Kikombe kimoja kijazeni mpaka ukingoni na kukifunika vizuri. Kingine kijazeni nusu na kukiacha wazi. Viwekeni mahali pamoja kwa siku 3. Nuseni kila siku. Andikeni katika daftari mnachokiona na mnachokinusa. Kisha mwalimu awasomee mliyoandika, na kila mmoja aseme kilichosababisha tofauti hiyo.

Na yule mama wa mfano wetu? Milanzi haikukauka. Wiki ya pili aliondoka na madumu mawili yaliyojaa, yamefunikwa gunia la maji, alfajiri kabla ya jua. Aliuza kabla ya saa sita. Jioni alirudi na daftari nne.